Kadi za picha au ramani ya utabiri?

Wanafunzi wa darasa la sita hadi la nane nchini Marekani wanapoanza Kihispania, hali ya hewa huingia mapema. Kadi za picha ndizo nyepesi: mwalimu anainua jua, darasa linaitikia "hace sol", anainua mwavuli, "llueve". Kipindi hakijaisha wameshazishika. Tatizo ni kwamba wanakariri kama kasuku. Ondoa kadi, utasikia "es calor" badala ya "hace calor" (kuna joto), Kiingereza chao, "it is hot", kikiwavuta.

Ramani ya utabiri ya AEMET, idara ya hali ya hewa ya Hispania, inataka maandalizi zaidi, ila inazaa mazungumzo. ¿Qué tiempo hace en Sevilla? (Hali ya hewa ikoje Sevilla, mji wa kusini mwa Hispania?) Mtoto anaona 40 ya mwezi Julai, anajibu "hace frío" (kuna baridi), maana kwao digrii ni za Farenhaiti. Mweleze kwamba ni Selsiasi, yaani 104 za kwao, uone darasa linavyochangamka: ¡hace mucho calor! (kuna joto kali!) Ukihamia Bilbao, kaskazini kwenye mvua nyingi, wanapata "está nublado" (kuna mawingu) bila kulazimishwa.

Mimi kadi ningezitumia siku ya kwanza tu, kisha kabatini.