Mapitio: Programu ya Attention Autism na ndoo yake

Attention Autism ni programu iliyobuniwa na Gina Davies, mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha wa Uingereza, ili kuwajengea watoto wadogo wenye usonji uwezo wa kutulia, kutazama na kufurahia jambo moja pamoja na wengine. Nimeitumia katika darasa la awali na kuwaelekeza wazazi namna ya kuiendesha nyumbani. Hukumu yangu naitoa mapema: ni programu nzuri sana, na uzuri wake umo mikononi mwa mtu mzima anayeiendesha kuliko ulivyo ndani ya ndoo.

Watoto wengi, kati ya miezi 9 na 18 hivi, huanza kufuata macho ya mlezi, hugeuka pale anaponyooshea kidole, kisha wao wenyewe hunyoosha kidole, si kwa kuomba kitu tu, bali hata kwa kumwonyesha mwingine kilichowafurahisha. Huo ndio umakini wa pamoja. Kwa mtoto mwenye usonji, kidole cha kuonyesha mara nyingi huchelewa hata pale kile cha kuomba kilipokwisha kuja, na ndiyo maana dodoso la M-CHAT-R la kuchunguza dalili za usonji, ambalo lina maswali 20 na hutumika kwa watoto wa miezi 16 hadi 30, huyauliza mambo hayo mawili kwa maswali mawili tofauti. Jambo hili si dogo, kwa kuwa mtoto hujifunza majina mengi ya vitu wakati yeye na anayevitaja wanapotazama kitu kimoja.

Programu ina hatua nne. Katika hatua ya kwanza mtu mzima hukaa mbele ya watoto akiwa na ndoo yenye kifuniko, akatoa kitu kimoja, akakichezesha, akakirudisha, kisha akatoa kingine. Haiulizwi rangi yake wala jina lake, na mtoto haambiwi atazame. Vitu hivyo huonekana wakati wa ndoo peke yake, na watoto hawapewi wavishike, sharti ambalo wazazi wengi huliona kali mpaka wanapoona linavyofanya kazi. Chukua, kwa mfano, pia, kile kichezeo kinachozungushwa. Mwendeshaji anaizungusha sakafuni na kukaa kimya. Pia inavuma, inaanza kuyumba, na hapo yeye anashusha pumzi na kusema neno moja tu, "Inaanguka…", akingoja hadi ilale. Mtoto aliyekuwa amegeukia ukuta anasikia ule ukimya, anageuza kichwa, na pia inapozungushwa tena, macho yake yanatoka kwenye pia hadi kwenye uso wa aliyeizungusha. Mgeuko ule wa macho, bila kuamrishwa, ndio unaotafutwa.

Hapa ndipo ninapoithamini programu hii kuliko desturi ya kumshika mtoto kidevu na kumlazimisha akutazame machoni. Wapo watu wenye usonji ambao, baada ya kukua, wameeleza kwamba kutazamana machoni huwaumiza au huwavuruga wasisikie wanachoambiwa. Attention Autism humtaka mtu mzima awe ndiye mwenye jambo la kuvutia, na humwachia mtoto njia yake ya kulifuatilia, hata kama ni kwa kutazama pembeni huku akipunga mikono.

Hatua ya pili hurefusha muda: shughuli moja hujengwa polepole mbele ya watoto, kama vile kumwaga unga kwa chekecheo na kuchora duara ndani yake, hadi ufike mwisho wa kusisimua. Inahitaji maandalizi na usafi baadaye, lakini haina ugumu mwingine.

Ugumu uko katika hatua ya tatu, ambapo mtoto mmoja huitwa mbele kushiriki huku wenzake wakitazama. Mtoto anapaswa kuhamisha umakini kutoka kwa kundi hadi kwenye zamu yake, kisha kuurudisha kwa kundi, na anapaswa pia kustahimili kwamba huenda leo zamu haikumfikia. Waendeshaji wengi huikimbilia hatua hii mapema kwa sababu inaonekana kama somo halisi, na matokeo yake ni vilio. Kwa maoni yangu, ni afadhali kubaki kwenye ndoo kwa muda mrefu kuliko kupanda hatua kwa kufuata kalenda. Katika hatua ya nne kila mtoto huchukua vifaa vyake, hufanya mwenyewe kile alichokiona, kisha hurudi kwenye kundi kuonyesha alichofanya.

Kuhusu vifaa, seti moja iliyokwisha kupangwa niliyoiagiza kwa muuzaji mmoja mtandaoni ilinivunja moyo. Takriban kila kitu kilikuwa na kitufe, taa kali na muziki usiozimika, na mtoto mwenye masikio mepesi aliziba masikio kabla ya kifuniko kufunguka kikamilifu. Mapovu ya sabuni, puto linaloachiwa lipepee na mdoli wa ufunguo vinatosha, mradi mwendeshaji avijaribu kwanza na kuondoa vinavyomtisha yeyote.

Upungufu mmoja ni wa programu yenyewe: imepangwa kwa kundi lenye watu wazima zaidi ya mmoja, ambapo wengine hukaa nyuma ya watoto na kutazama kwa shauku, ili watoto wawe na wa kumuiga. Mzazi aliye peke yake na mtoto mmoja anaweza kuendesha hatua mbili za mwanzo vizuri, ila hatua ya tatu humlazimu atafute ndugu au jirani. Aidha, anayetaka mbinu iliyopimwa zaidi kwa majaribio ya kitafiti, hasa kuhusu umakini wa pamoja, aulizie JASPER, iliyoasisiwa na Connie Kasari wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, ambayo hufanyika ndani ya mchezo wa mtoto mwenyewe na huhitaji mtu aliyefunzwa. Mbinu hizi mbili hazigombani. Kwa mwalimu wa awali mwenye watoto kadhaa na dakika chache kila asubuhi, ningeanza na ndoo.