Saa ya kuzamia Ziwa Tanganyika: uzoefu wangu na Casio Duro

Vijana wanaoanza kuzama na mitungi ya hewa huku Kigoma, upande wa Katonga na Jakobsen, wananiuliza sana wanunue saa gani, na jibu langu halijabadilika, kama hela ni ya mawazo chukua Casio Duro, ile MDV-106. Ndo ninayovaa mimi, nimeshuka nayo sana tu na bado iko vizuri.

Kwanza hii habari ya mita jamani. Saa imeandikwa 30M mtu anadhani anashuka nayo mita 30, hapana, hiyo ni presha ya kwenye vipimo saa ikiwa imetulia, maana yake ukinyeshewa au ukinawa mikono haifi, basi. Madukani zipo zenye ringi ya kuzungusha pembeni ya kioo na mapambo yote ya saa ya kuzamia, mwenzangu mmoja alinunua ya hivo, hatujafika hata mita kumi kioo kishaingia ukungu. Kwa mitungi anzia 200M. Duro ni 200, na kile kinobu cha kurekebishia majira kinafungwa kwa kuzungusha kama skrubu, ukiwa majini usikiguse kabisa.

Sasa ringi, hapa ndo penyewe. Inazunguka upande mmoja tu, kinyume na mishale. Unapoanza kushuka unaweka ile pembetatu ilingane na mshale wa dakika, ukitaka kujua umekaa chini muda gani unasoma tu pale mshale ulipofika. Hata ukigonga jiwe ringi ikasogea itakuonyesha umekaa muda mrefu kuliko ukweli, kwahiyo utapanda mapema, haiwezi kukuongezea muda ambao huna. Kuna siku tulikuwa tunaangalia samaki aina ya kuhe wawili wanalinda vitoto vyao pembeni ya mwamba, aisee wanapendeza wale, kompyuta ya kuzamia ya mwenzangu, ile inayohesabu kina na muda, ikazima ghafla, nikamwonyesha mkono wangu, mshale uko kwenye 25, tukaanza kupanda taratibu, tukasimama mita tano kwa dakika tatu kama kawaida ndo tukatoka.

Ila saa sio mbadala wa kompyuta, na kwetu huku ndo zaidi, maana ziwa liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, na majedwali ya muda wa kuzama yaliyotengenezwa kwa baharini ukishavuka mita 300 hayatumiki hivohivo, lazima yarekebishwe. Saa inakupa muda tu.

Mkanda wa plastiki nilitoa nikaweka wa nailoni mrefu, unapita juu ya nguo ya kuzamia bila shida. Mchanga ukiingia kwenye ringi loweka maji safi, sugua na mswaki.

Mwenye hela zaidi aangalie Citizen Promaster ya Eco-Drive, nayo 200M na imefuata ISO 6425, kiwango cha kimataifa cha saa za kuzamia, inajichaji kwa mwanga kwahiyo huhangaiki na betri. Na betri ndo inayoua saa nyingi huku, fundi anafungua mfuniko kwa kisu, mpira wa kuzuia maji uleule wa zamani anaurudisha mkavu, saa inatembea vizuri kabisa ila maji itaingiza. Mwambie aweke mpira mpya, aupake grisi ya silikoni, na kama hana mashine ya kupimia presha usizame nayo mpaka upate pa kuipima. Yangu betri ikiisha nasubiri safari ya Dar.