LibCST: kubadilisha mafaili ya Python bila kupoteza komenti

Kama unatunza mfumo wenye mafaili mengi ya Python na unatakiwa kubadilisha kitu kilekile kila mahali, LibCST ndiyo zana ninayoipendekeza. Ni maktaba ya bure iliyotoka Instagram, unaiweka kwa pip, kisakinishi cha maktaba za Python.

Natunza programu ya mizani na malipo ya wafanyabiashara wa dagaa wa Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza. Walipoanza kuuzia wanunuzi wa nje ya nchi, ikabidi kila panapoitwa `piga_bei(kilo, bei)` paongezwe sarafu. Ukitumia `sed`, amri ya kutafuta na kubadilisha maandishi, inagusa hata komenti na maandishi ya risiti. Moduli ya `ast`, inayokuja na Python yenyewe, inauelewa msimbo vizuri, na tangu Python 3.9 ina `ast.unparse` ya kuurudisha kuwa maandishi, lakini komenti zote zinafutika na mistari mitupu inapotea. Kwetu hilo halikubaliki kabisa. Tuna mstari huu:

`# mbalamwezi: wavuvi hawaingii ziwani, sifuri si kosa`

Kijana mpya asipouona, mwezi ukiwa mpevu atahangaika na mizani isiyo na tatizo lolote.

LibCST inatunza kila kitu, mpaka nafasi mwishoni mwa mstari. Unaandika klasi inayorithi `CSTTransformer`, ndani yake `leave_Call` inayoshughulikia kila mahali fankisheni inapoitwa, kisha unarudisha `updated_node` uliyoibadilisha. Nilipoangalia `git diff`, inayoonyesha mistari iliyobadilika, niliona mistari niliyoikusudia tu, na komenti zetu zote zipo palepale. Nilifurahi sana.

Kero yake ni maneno mengi. Agumenti moja tu inaandikwa hivi:

`cst.Arg(keyword=cst.Name("sarafu"), value=cst.SimpleString('"TZS"'))`

Zile nukuu za ndani unaziweka mwenyewe. Tena usipoipa `AssignEqual` (alama ya `=`) isiyo na nafasi, itakuandikia `sarafu = "TZS"` ndani ya mabano, jambo linalochafua msimbo uliopangwa vizuri. Na fankisheni ikiwa imeingizwa kwenye faili kwa jina jingine, kulinganisha jina peke yake hakutaikamata. Hapo tumia `QualifiedNameProvider` ya LibCST, inayotafuta jina kamili la asili. Inataka kusoma kidogo, ila inafanya kazi barabara.

Kwa faili moja dogo, badilisha kwa mkono, usijisumbue. Na kama skripti zako za zamani za kubadilisha msimbo bado zinategemea `lib2to3`, maktaba ya zamani ya Python ya kazi hiyo, anza kuhama sasa, maana iliondolewa kwenye Python 3.13 mwaka 2024.