Blair wa Sierra Leone na Blair wa Iraki

Watu wengi Tony Blair, waziri mkuu wa zamani wa Uingereza, wanamkumbuka kwa vita ya Iraki tu, ila mi naona tuiweke na Sierra Leone hapohapo tulinganishe. Mei 2000 waasi wa RUF walikuwa wanausogelea mji mkuu wa Sierra Leone, Freetown, wameshateka mamia ya walinda amani wa UN, Uingereza ikapeleka askari wa miavuli wakaushika uwanja wa ndege wa Lungi, na serikali ya Rais Kabbah yenyewe ndo ilikuwa inaomba msaada, yaani mwenye nyumba ndo kapiga yowe. Januari 2002 vita ikatangazwa imeisha.

Iraki 2003 aliyeita nani? Azimio la pili la Baraza la Usalama la UN la kuruhusu vita halikupatikana, lakini wanajeshi kama 46,000 wa Uingereza wakaingia na Marekani kisa silaha za maangamizi ambazo hazikuwepo. Robin Cook, yule waziri wa Blair aliyeahidi 1997 kwamba sera ya nje itazingatia maadili, akajiuzulu. Askari 179 wa Uingereza wakafia kule, Wairaki ni maelfu kwa maelfu, inauma jamani. Mi nasimama na Sierra Leone bila kusita, na ripoti ya Chilcot ya 2016, ile ya uchunguzi wa Uingereza kuhusu vita ya Iraki, ilisema wazi kwamba njia za amani Iraki zilikuwa hazijaisha.