Gapi au mbuna: nani akae kwenye tangi lako?

Wengi wanaonunua tangi la kwanza la samaki huuliza: gapi, yule samaki mdogo wa mapambo, au mbuna, samaki wa miambani wa Ziwa Nyasa? Kabla ya yote, usiwachanganye. Mbuna humsumbua gapi mpaka afe, na aliye mdogo humezwa.

Kwa gharama, gapi anashinda. Lita 60, chujio dogo na majani machache vinatosha. Mbuna wanataka lita 200 au zaidi, chujio lenye nguvu, na mawe yaliyopangwa yakaacha mapango.

Kuishi na wenzao wa aina moja ndiko kwenye kazi. Gapi ni wapole, ila weka dume mmoja kwa majike watatu, la sivyo jike hufukuzwa mchana kutwa mpaka achoke. Dume wa mbuna hushika jiwe lake na kulilinda. Mnyonge utamkuta kajibanza pembeni karibu na uso wa maji, mapezi yamechanika. Wafugaji wengi huwaongeza wawe wengi, ili ugomvi usimwangukie mmoja. Lakini tangi lililojaa, umeme ukikatika, hewa huisha upesi.

Maji yenye chokaa yanawafaa wote. Mbuna wengi hula mwani, basi punguza vyakula vya nyama.

Gapi huzaa karibu kila mwezi, na vifaranga vitakuelemea. Jike wa mbuna huatamia mayai mdomoni wiki tatu hivi bila kula, na mimi sichoki kumtazama.

Umepanga chumba kimoja na umeme unakatika ovyo? Chukua gapi. Una nafasi, pampu ya betri na subira? Mbuna watakufaa.