Walitaka kushusha giaboksi ya Benzi yangu, kumbe ni swichi ya kikidauni

Jamani mwenye gari ya zamani ya otomatiki naomba usome hii mpaka mwisho kabla hujampa mtu hela ya kushusha giaboksi. Na mniwie radhi, hasira bado ninazo.

Gari ni Benzi W123, 230E, otomatiki. Sitawachosha na habari za injini, wenye nazo mnazijua. Kipindi cha mvua kubwa nilikuwa natoka Dar naenda Morogoro, nimeshaipita Chalinze, mbele yangu kuna semi ya kontena inatambaa, nikachungulia nikaona kweupe, nikatoka kuovateki na kukandamiza pedo ya mafuta mpaka chini kabisa. Hakuna kitu. Hiyo gari siku zote ukiigusa pale mwisho inashuka gia inaondoka, ndiyo kikidauni hiyo, siku hiyo imekaa kwenye gia ya nne inaguna tu, mwendo hauongezeki, na huko mbele basi limeshatokea linanipigia taa, ikabidi nishike breki nirudi nyuma ya semi, wife pembeni kashika mlango hasemi neno mpaka tunafika.

Niliporudi mjini nikaipeleka gereji moja ambayo watu wengi wanaisifia, jina silitaji. Fundi mkuu wao akaiendesha mzunguko mmoja nje ya geti, hakuinama, hakufungua boneti, hakuchomoa hata stiki ya kupimia hydroliki, akashuka akaniambia, "Bosi, giaboksi imekufa hii, pleti zimeisha, tunashusha." Pleti ni zile sahani za klachi za ndani zinazoshika gia. Nikamuuliza kistaarabu tu, mbona gia zinapanda zote laini, haitelezi, na ATF, hiyo hydroliki ya giaboksi, ni nyekundu haina harufu ya kuungua? Akanijibu mbele ya wateja wengine, "Kama unajua kuliko mimi, huku umeileta kufanya nini?" Na vijana wake wakacheka. Nililipia muda wa watu wale halafu nachekwa! Hilo neno limenikaa mpaka leo, hata pesa haijaniuma kama lile neno.

Sasa ngoja niseme kwa nini ilikuwa ramli tupu. Kwenye hizi giaboksi za zamani hakuna kompyuta inayoamua, kila kitu ni presha ya hiyo ATF na vali. Kuna kifaa ndani kinaitwa gavana, kinazunguka na shafti ya kutokea, ile inayopeleka nguvu magurudumuni, gari ikienda kasi presha ya gavana inapanda na inaisukuma vali ipandishe gia. Upande wa pili wa vali hiyo hiyo kuna presha inayotokana na jinsi unavyokanyaga mafuta, hiyo inaizuia isipande mapema. Zinasukumana hizo mbili, anayeshinda ndiye anaamua gia. Kikidauni kazi yake ni kuongeza nguvu upande wako wewe dereva, ukikanyaga mpaka mwisho vali inarudishwa nyuma na gia inashuka, ya nne inakwenda ya tatu, injini inapanda juu kwenye nguvu zake. Na ukiwa kasi sana inakataa kushuka, kwa sababu presha ya gavana imeshakuwa kubwa mno, ndiyo kinga ya injini hiyo.

Namna ya kupeleka hiyo amri kule chini inatofautiana gari na gari. Cressida na Crown za zamani zina kebo inayotoka kwenye kabureta kushuka mpaka giaboksi. Ford za Kimarekani zenye giaboksi ya C4 zina fimbo ya chuma. Benzi yangu ina kebo pia, lakini hiyo inapanga gia zipande mapema au zichelewe, ile ya kukanyaga mpaka mwisho ni ya umeme: chini ya pedo kuna swichi, ukiibonyeza inapeleka umeme kwenye solenoidi, sumaku ya umeme iliyofungwa ubavuni mwa giaboksi, solenoidi inasukuma vali, basi. Kwa hiyo kama gia zinapanda vizuri na kikidauni peke yake ndiyo imekufa, pleti zinaingiaje hapo? Niambieni zinaingiaje!

Nilipogoma kushushiwa wakaniambia basi watajaribu "kurekebisha", wakaenda kuikaza ile kebo. Na wakamwaga ATF yangu nzima wakaweka nyingine, wakaniandikia kwenye risiti. Nikatoka pale na gari mbaya kuliko nilivyoipeleka, gia ya pili haitaki kuachia, injini inalia kama inapanda Kitonga na mimi niko Ubungo kwenye tambarare, wese linakunywewa hovyo, na kikidauni bado haipo. Eti nikiuliza wanasema, "Bosi si tulikwambia tushushe."

Haki yao niwape, upande wa bodi na rangi wako vizuri, jirani yangu walimpigia rangi gari yake ukiiona utasema jana imetoka kwenye meli. Kwa bodi nisingemkataza mtu. Hapo nyuma nilikuwa nimepanga niseme nawapa nyota mbili kwa ajili hiyo.

Aliyeniokoa ni fundi umeme mmoja mzee, anakaa chini ya mwarobaini na toolbox yake na taa ya kupimia waya, hana hata kibao. Nikamweleza, akaniambia, "Mwanangu, weka swichi on usiwashe gari, kaa hapo, nikisema kanyaga kanyaga mpaka chini." Akaingia uvunguni na umri ule. Nikakanyaga. Akasema, "Tena." Nikakanyaga. Kimya. Akatoka, akasema solenoidi ikiwa nzima na umeme unafika lazima isikike tak, na hii haijasikika. Akaja mlangoni akainua kapeti chini ya pedo, na hapo ndipo nilipoiona kwa macho yangu: kitufe cheusi kidogo, chini yake waya umeota kutu ya kijani, maji ya mvua yameingia yakalala chini ya kapeti, na mguso mmoja umekatika kabisa unaning'inia. Na juu yake kuna kapeti la plastiki nene ambalo hata swichi ingekuwa nzima pedo isingeifikia vizuri. Akakwangua, akaunganisha waya, akalitupa lile plastiki, akarudi uvunguni. "Kanyaga." Tak! Tukaisikia wote wawili, na mimi nikapiga kelele. Halafu akailegeza ile kebo waliyoikaza, akanituma nizunguke, akailegeza tena kidogo mpaka gia zikaanza kupanda pale pale zinapotakiwa.

Mzee wangu, shikamoo zako zote popote ulipo. Nilirudi barabara ile ile ya Morogoro, niko kwenye themanini, semi mbele, kweupe, nikakandamiza: ikashuka ya tatu, kichwa kikarudi kwenye siti, semi ikabaki nyuma. Gari ya miaka ya themanini hiyo!

Kwa hiyo zile nyota mbili nazifuta, hata za rangi siwapi. Mtu anayetaka kufungua giaboksi nzima ya mteja wakati hajainua kapeti, halafu anamkejeli, hata gari yangu ya kupiga rangi haiendi pale. Na pesa ya ile ATF waliyoimwaga nzima nzima bado nawadai, risiti ninayo, na wiki hii naenda kuidai.