Kilishio cha kukanyaga cha Kamukunji: miezi minane na panya wa Ruai

Makanga aliliangalia lile sanduku la bati, akanitazama mimi, akasema, "Mama, hiyo inakalia kiti, inalipa kama mtu." Nikalipa. Ndivyo kilishio changu cha kwanza cha kukanyaga kilivyofika Ruai: kimekaa dirishani kama abiria, nami kando yake nimekikumbatia kisianguke kwenye matuta ya Barabara ya Kangundo.

Kwa asiyekijua, ni sanduku la bati lenye kifuniko mbele na kibao chini. Kuku akipanda kibao, uzito wake unavuta vyuma viwili vya pembeni, kifuniko kinainuka, anakula. Akishuka, kinajifunga. Hakina umeme wala betri. Panya ni mwepesi, kibao hakimsikii. Hiyo ndiyo sera niliyouziwa.

Nafuga kuku 60 wa mayai, wale wekundu, nyuma ya nyumba. Mtu wa huku anaujua udongo wetu mweusi: mvua ikinyesha unakuvua kiatu, kiangazi kikija unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Panya wanaziona nyufa hizo kama nyumba zisizodai kodi. Mwaka jana ilifika mahali nikiwasha tochi bandani usiku, sakafu nzima inasogea.

Kilichonitoa nyumbani ni gunia, si panya wenyewe. Kuku wa mayai aliyekomaa hula gramu 120 hivi kwa siku. Kuku 60 ni kilo saba na kitu, kwa hiyo gunia la kilo 70 linatakiwa livuke siku ya tisa. Langu lilikuwa linaisha siku ya saba. Ina maana kila siku karibu kilo tatu zinakwenda nisikokujua. Nikasema ni panya, nani mwingine?

Kabla ya hapo nilikuwa nimejaribu mengi. Vilishio vya plastiki vya kuning'iniza: panya wanateremka na kamba. Bomba la PVC lenye kiwiko, kama wanavyoonyesha kwenye video: panya mmoja aliingia kwenye kiwiko akala, akalala humohumo, asubuhi kuku wamemzunguka kama wanaomsomea mashtaka. Halafu nikafanya la kijinga. Kuna wale wanaopita na kipaza sauti, "dawa ya panya, mende, kunguni, viroboto", nikanunua pakiti mbili zisizo na jina la kampuni wala la sumu. Panya walikufa, sikatai. Siku ya tano paka wangu akaanza kutoka damu puani.

Daktari wa mifugo aliniuliza swali moja tu: "Amekula nini?" Sikuwa na karatasi ya kumwonyesha. Alishuku zile sumu zinazozuia damu kuganda, ambazo panya akizila hafi papo hapo. Anazurura nazo mwilini siku kadhaa, na paka au bundi akimla anazibeba pia. Dawa yake ni vitamini K1, lakini inataka iwahiwe. Mimi nilichelewa. Tangu siku hiyo pakiti isiyo na namba ya usajili ya PCPB, bodi ya serikali inayosajili viuatilifu, haivuki lango langu.

Basi nikaenda Kamukunji. Aliyewahi kupita Landhies Road anajua kwamba jua kali ya pale unaisikia kabla hujaiona. Nyundo juu ya bati, mia kwa pamoja. Masanduku ya shule, majiko, karai, matoroli, vyote vinatoka kwenye mabati na mapipa mbele ya macho yako. Fundi niliyempata alikuwa na vilishio viwili vimetengenezwa tayari. Akaanzia 3,800.

"Mama, hiki utawaachia wajukuu."

"Kijana wangu, wajukuu sitaki kuwaachia bati. Nipe bei ya kununua."

Tukakubaliana 3,200, ila nikataka changu kitengenezwe upya kwa bati nene zaidi, na mdomo wa ndani ukunjwe sentimita mbili kwenda juu, kuku asiweze kuchakura chakula kikamwagika nje. Akasema Jumanne. Kilikuwa tayari Ijumaa.

Jaribio nililolifanya palepale ndilo ningemsihi mtu asiliruke. Nilibeba sukari kwenye kiondo, pakiti ya kilo moja na ya nusu kilo. Kilo moja ikiwekwa kwenye kibao, kifuniko kifunguke wazi. Nusu kilo ikiwekwa, kisitikisike. Kuku wangu wana kilo mbili kasoro kidogo, na panya mkubwa wa mtaroni mara chache sana atafika nusu kilo. Cha kwanza alichonipa kilifunguka kwa nusu kilo bila kubishana. Fundi akasogeza bolti ya bawaba matundu mawili, tukajaribu tena, ikawa sawa. Wenzake walikuwa wanacheka, mama anapima sukari kwenye sanduku. Wacheke.

Nyumbani ndiko mateso yalikoanzia. Kuku hajui kukanyaga. Wiki ya kwanza nilibana kifuniko wazi kwa kipande cha tofali, wakala kama kawaida. Wiki ya pili nikakishusha nusu. Nilipoondoa tofali, kuku wa kwanza akapanda, akala, akashuka, kifuniko kikapiga "kwaa!" Banda zima likaruka ukutani. Siku mbili hakuna aliyekisogelea. Mayai yakashuka kutoka 48 kwa siku hadi 39, nami usingizi ukapungua vivyo hivyo. Niliponea kwenye ndala kuukuu: nikakata vipande viwili vya soli, nikavigandisha pale kifuniko kinapogonga. Kelele ikaisha. Nikarudisha tofali siku nne nyingine, nikaanza upya taratibu. Hadi mayai yarudi 47 ilikuwa imepita karibu mwezi mmoja. Muuzaji akikwambia kuku wanajifunza kwa siku tatu, muulize kuku wa nani.

Na si wote wanaojifunza. Kama kumi hivi hawajawahi kukanyaga hadi leo. Wanasubiri mwenzao apande, wanapenyeza vichwa kutoka pembeni, akishuka wanarudi nyuma. Kupe kabisa. Mmoja hakuweza hata hilo, akakonda, tukamla Krismasi. Wenye kienyeji wadogo wajue pia kwamba kuku wa kilo moja na kidogo atahangaika, na ukilegeza kibao ili kimkubali, umewafungulia panya mlango. Kwa vifaranga kifaa hiki hakifai hata kidogo.

Sasa panya. Usiku wa kwanza kifuniko kilipofungwa nilikaa nje na tochi hadi saa sita. Walikuja kama kawaida, wakakizunguka. Panya huogopa kitu kigeni, na kwa siku tatu nne hawakukigusa. Kisha wakapanda. Niliona mmoja amesimama kwenye kibao kwa miguu yote minne, anakuna kifuniko kwa kucha, kibao hakishuki hata unywele. Sitasema uongo, nilifurahi kupita kiasi. Nilimwita mzee wangu atoke kitandani aje aone.

Furaha ilidumu wiki moja. Panya aliyenyimwa chakula hafungashi mizigo akaenda Thika. Wakahamia kwenye viota wakaanza mayai, wakatoboa gunia lililokuwa kwenye stoo ya mbao, wengine wakaingia jikoni kwangu. Kilishio kilifanya kazi yake. Mimi ndiye nilidhani kazi yenyewe ni hiyo tu. Ilibidi ninunue pipa la chuma lenye mfuniko wa kubana, hukohuko Kamukunji, chakula chote kikaingia humo. Wavu laini wa kuku tukautoa chini ukutani, maana ule unazuia kuku tu, panya anaukata au anapita katikati. Tukaweka wavu mgumu wa mashimo madogo, aina ile ya kuanikia kahawa, tukaufukia futi moja ardhini na kuukunja kwenda nje, ili panya anayechimba kando ya ukuta akutane nao. Mayai tunaokota mara tatu kwa siku, la mwisho kabla ya giza. Baada ya hapo ndipo tochi ya usiku ilipoanza kuonyesha sakafu iliyotulia. Kipanya mdogo bado yupo, huyo anapenya tundu la milimita sita na sijaona wa kumweza.

Lakini jambo lililonishangaza zaidi halimhusu panya. Siku moja nilikaa na hesabu zangu. Panya mmoja anakula gramu 25 hivi kwa usiku. Kilo tatu kwa siku ni panya 120. Walikuwa wengi, lakini 120? Ningewakuta hadi sebuleni. Kwa hiyo nikarudisha mabeseni ya zamani siku moja, nikatandika magunia matupu chini yake, jioni nikakung'uta na kupima. Kilo moja na nusu. Kuku wenyewe! Wanachakura, wanachagua punje za mahindi, vumbi lote linakwenda kwenye maranda na kukanyagwa na mavi. Ongeza shomoro, ambao kuanzia asubuhi walikuwa wanakula pamoja na kuku kama wamealikwa. Ule mdomo wa sentimita mbili niliomwambia fundi aukunje, nikidhani ni jambo dogo, ndio umeniokolea pesa kuliko kifuniko chenyewe. Mtu asiye na shida ya panya hata mmoja angefaidika na huo mdomo.

Baada ya kile cha kwanza kuthibitika niliagiza vitatu zaidi kwa 3,000 kila kimoja, maana kimoja kinatosha kuku 15 tu bila ugomvi. Jumla 12,200. Gunia sasa linafika siku ya tisa, likibahatika ya kumi. Kwa mwezi ninaokoa gunia moja hivi, na gunia kwangu ni zaidi ya elfu tatu, kwa hiyo vilishio vilijilipa kabla ya mwezi wa tano. Wavu, saruji na pipa sijavihesabu humo, hivyo vilikuwa deni la banda tangu zamani.

Kasoro zake nazitaja kwa sababu fundi alinificha, au hakuzijua. Kifuniko kikipigwa na mvua ya upepo, maji yanaingia kwenye bawaba na chakula kinashika unyevu kwenye kona za nyuma. Chakula kilichoota ukungu kina hatari ya sumukuvu, na huwezi kuikung'uta ikatoka. Nimeweka bati dogo juu kama kofia, na kila Jumapili namwaga kilichobaki chini kabisa na kukagua kona. Kingo za bati zilikuwa kali. Kuku mmoja alikatika kidole cha mguu kabla sijazisugua kwa tupa. Na chini ya kibao, pale bati mbili zinapokutana, niligeuza mwezi wa tatu nikakuta vumbi jekundu linalotembea. Utitiri. Mchana wanajificha kwenye nyufa, usiku wanapanda kunyonya damu, na mimi nilikuwa nimewajengea hoteli ya chuma. Maji ya moto yaliwamaliza humo, kisha nikapaka diatomaiti, ule unga mweupe wa mawe unaochimbwa Kariandusi, upande wa Gilgil. Unamkausha mdudu mwilini, si sumu, lakini funga pua na mdomo ukiupaka, si unga wa kuvutia kifuani.

Je, ningenunua tena? Ningenunua, ila ningeanza na wavu na pipa, halafu kilishio. Nilivyofanya mimi ni kufunga mlango wa mbele na kuacha dirisha la jikoni wazi. Jirani yangu wa upande wa chini amekuja mara mbili kuuliza kama nimeona panya wameongezeka mtaani. Nimemwonyesha sanduku, sikumwambia mengine.

Wiki iliyopita nilipitia kwa fundi kuagiza cha tano, cha akiba. Nimemchorea kwenye karatasi: kingo zikunjwe mara mbili, paa litokeze mbele kiganja kimoja, na chini ya kibao pasiwe na bati juu ya bati. Akaitazama karatasi, akakuna kichwa, akasema kitakuwa tayari Alhamisi. Nitakwenda Jumamosi.